Kadi za marehemu kaka yetu: pindo jeusi, pindo jeupe na mali ya yatima



Tangu tulipogusia habari hii kwenye darsa la wanawake, wengi mmetuuliza ilikuwaje karatasi zenye picha za majini zikaingia kwenye mirathi, na kama ni kweli kadi za watoto zinaweza kuwa akiba kama dhahabu. Leo tunaandika, sisi madada watatu wa marehemu, na tutajaribu kueleza bila haraka.

Tunaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba watoto wetu walioko Uingereza na Oman, na hata wa hapa Unguja, wanazidi kukusanya kadi hizi. Siku moja zitaingia kwenye hesabu za nyumba zenu kama zilivyoingia kwetu. Ya pili ni kwamba vijana wanaambiana kuwa seti za zamani zinazochapwa upya ni uwekezaji wa uhakika. Maneno hayo yana ukweli, lakini ukweli wake una masharti, na anayekuuzia hana haja ya kukusomea masharti.

Sanduku lililotoka Uingereza

Kaka yetu alikwenda Uingereza kusoma mwaka 1993. Mwezi wa Agosti mwaka huo kampuni ya Marekani iitwayo Wizards of the Coast ilitoa mchezo wa kadi, Magic: The Gathering, uliobuniwa na mtaalamu wa hisabati Richard Garfield. Si kama karata zetu za hamsini na mbili. Kila mchezaji hujipangia fungu lake, na kadi huuzwa katika pakti zilizofungwa, hujui utapata ipi mpaka ufungue. Zipo za kawaida zinazopatikana kila pakti, na zipo adimu.

Desemba mwaka huo huo ikatoka seti ndogo iliyoitwa Arabian Nights, iliyochukuliwa kutoka kwenye visa vya Alfu Lela Ulela. Aladdin yumo, Sindbad yumo, Ali Baba yumo, na majini ya kila aina. Kaka yetu alikuwa kijana mgeni, kwenye baridi, mbali na kwao. Akaona visa alivyosimuliwa na bibi yetu vimewekwa kwenye karatasi ndogo za rangi. Tunaelewa kwa nini alizipenda.

Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, wifi yetu alirudi Unguja mwaka 2021 na watoto wawili: msichana aliyekuwa akisubiri kuingia chuo, na mvulana wa miaka 11. Kwenye mizigo kulikuwa na sanduku moja la kadi. Mama yetu alifungua, akakutana na jini mwenye pembe, akafunga. "Hizi zisilale chumbani kwangu," alisema. Basi zikalala chumbani kwetu.

Kijana mmoja anayefanya biashara ya simu mjini alisikia habari, akaja kuziangalia. Aliwaambia wifi na mama atazichukua zote kwa mkupuo, akataja bei ya friji la mtumba. Wifi alitaka kukubali, maana alikuwa amechoka na kila kitu kilimkumbusha. Mvulana akalia. Hapo ndipo tulipoombwa sisi tukae na lile sanduku, tujue lina nini.

Walituomba sisi kwa sababu moja nzuri: hatukuwa na fungu. Kwenye mirathi, marehemu akiacha mtoto wa kiume, dada zake hawarithi. Warithi walikuwa mama yetu, wifi na watoto wawili. Asiye na fungu anaaminika kupima.

Pindo jeusi na pindo jeupe

Tulikaa wiki mbili, jioni baada ya Isha, na simu mkononi, na mvulana pembeni akitufundisha. Jambo la kwanza alilotuonyesha lilitushangaza. Kulikuwa na kadi mbili za jina moja, City of Brass, yaani Mji wa Shaba. Picha ni moja, kazi ni ile ile, hata alama ndogo ya jambia ya seti ya Arabian Nights ipo kwenye zote mbili. Tofauti ilikuwa pembeni. Moja ilizungushiwa rangi nyeusi, nyingine nyeupe.

Sisi watu wa kanga tuliita pindo, na jina likabaki. "Shangazi," mvulana alisema, "yenye pindo jeusi ndiyo ya kwanza. Yenye pindo jeupe imechapwa baadaye."

Ya kwanza ilitoka mwaka 1993. Ya pili ilitoka mwaka 1995, kwenye seti iitwayo Chronicles. Seti hiyo ilikusanya kadi za Arabian Nights na za seti nyingine tatu zilizofuata, Antiquities, Legends na The Dark, ikazichapa upya kwa wingi. Kampuni ilikuwa na sababu ya maana. Mchezo ulikuwa umekua haraka mno. Watoto wapya walikuwa wakisikia habari za kadi ambazo hawakuwahi kuziona, na zilizokuwepo ziliuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi hawezi. Kwa mchezaji, Chronicles ilikuwa neema.

Kwa aliyekuwa ameweka pesa, ilikuwa msiba. Mtu aliyenunua kadi kwa bei kubwa kwa sababu ni adimu aliamka akaikuta imejaa madukani. Makelele yalikuwa makubwa hata mwaka 1996 kampuni ikatoa ahadi rasmi: orodha ya kadi ambazo hazitachapwa tena kwa ajili ya mchezo. Wenyewe wanaiita Reserved List, na ipo mpaka leo.

Mji wa Shaba haukuingia kwenye orodha hiyo, kwa kuwa ulikuwa tayari umechapwa upya, na baada ya hapo umechapwa tena mara nyingi. Hata hivyo, ule wa pindo jeusi wa mwaka 1993, ukiwa katika hali nzuri, huuzwa kwa mamia ya dola. Wa pindo jeupe haufiki hata sehemu ya kumi ya bei hiyo. Ni kadi zenye mchoro mmoja na kazi moja mezani.

Tuliuliza tofauti inalipiwa nini. Jibu tulilolipata ndilo tunalotaka mlibebe kutoka kwenye makala hii. Aliyenunua pindo jeusi ananunua idadi. Karatasi zile zilichapwa chache, nyingine zikapotea, nyingine zikaliwa na maji na panya, na hakuna awezaye kurudi mwaka 1993 akachapa nyingine. Picha inaweza kurudiwa, mwaka haurudiwi. Lakini kwa chapa ya pili, mashine bado iko kwa mwenyewe, na ufunguo wa chumba cha mashine hauko kwako.

Kwa nini watu wanazipenda chapa za pili

Msituelewe vibaya. Chapa ya pili si kitu kibaya, wala si bandia. Bandia ni ya mwizi. Chapa ya pili ni ya mwenye mali mwenyewe, na ina mvuto wake.

Mvuto wa kwanza ni kumbukumbu. Kadi za Pokémon zilianza Japani mwaka 1996, na kwa Kiingereza mwaka 1999, seti ya kadi 102. Mtoto wa wakati ule leo ni baba au mama. Mwaka 2016, kwa kutimia miaka 20, ilitoka seti iitwayo Evolutions, iliyorudia sura na michoro ya ile ya kwanza. Mwaka 2021, kwa miaka 25, ikatoka Celebrations, nayo ikiwa na kadi 25 za zamani zilizochapwa upya. Mzazi anayenunua hizi hanunui karatasi tu. Anataka kukaa chini na mwanawe amwambie, hii nilikuwa nayo nilipokuwa kama wewe.

Mvuto wa pili ni usawa. Kadi ya asili ni ya tajiri, ya pili ni ya yeyote.

Mvuto wa tatu ni ule wa pesa, na hapa pana mambo ya kujua, kwa sababu chapa za pili hazifanani. Mwaka 2000 Pokémon walitoa Base Set 2, iliyochanganya kadi za seti mbili za mwanzo. Ilichapwa wakati homa ya Pokémon iko juu, zikawa nyingi, na mpaka leo wakusanyaji huiweka nyuma. Mwaka 2002 wakatoa Legendary Collection, nayo ni kadi zilizochapwa upya. Lakini wakati huo homa ilikuwa imeshuka, waliozinunua walikuwa wachache, na kadi zake zina mng'ao wa aina ya pekee ambao haukuwahi kuonekana kabla. Leo boksi lake lililofungwa ni la maelfu ya dola. Yaani chapa ya pili nayo inaweza kuwa adimu, ikiwa ilichapwa kidogo na ina kitu chake yenyewe.

Tuliona pia mfano wa kadi za wachezaji wa besiboli wa Marekani. Kampuni ya Topps ilitoa mwaka 1952 seti ambayo haikuisha madukani. Sy Berger, aliyeibuni, alisimulia kwamba mwaka 1960 maboksi yaliyobaki ghalani yalipakiwa kwenye chombo na kutupwa baharini. Mwaka 1983 Topps wenyewe waliichapa upya seti ile. Agosti 2022, kadi moja ya asili ya Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Ile ya 1983 yenye sura hiyo hiyo haijulikani hata kwenye mazungumzo hayo. Bahari ilizipandisha bei zilizobaki, na mashine ya 1983 haikuzishusha, kwa sababu kila mtu aliweza kuzitofautisha.

Hesabu ya warithi

Tukarudi kwenye sanduku letu. Tulilipanga mafungu matatu juu ya mkeka.

Fungu la kwanza lilikuwa dogo: kadi za pindo jeusi, za Alfu Lela Ulela na seti za karibu yake. Fungu la pili lilikuwa kubwa, karibu sanduku zima: pindo jeupe, Chronicles na nyinginezo. Fungu la tatu lilikuwa boksi moja la Evolutions la mwaka 2016, pakti 36, nailoni yake haijaguswa.

Kama tungelipokea bei ya friji, fungu la kwanza peke yake lingekuwa limemezwa. Hatumsemi vibaya yule kijana. Huenda naye hakujua. Lakini mali ya yatima si mali ya kukisia, na Qurani imelitilia jambo hilo mkazo ambao kila mmoja wetu anaujua. Kupima ilikuwa wajibu kabla haijawa faida.

Fungu la kwanza tulilikabidhi kwa jamaa yetu anayeishi Uingereza, mtoto wa mama mdogo, aliyekuja likizo. Tuliandika orodha, kadi moja baada ya nyingine, na picha mbele na nyuma, watu wawili wakashuhudia na kutia saini. Kule kuna kampuni zinazokagua kadi, huzipa alama kuanzia 1 mpaka 10, na kuzifunga kwenye plastiki ngumu. Ada yao si ndogo, na mwaka ule kazi iliwazidi. Kampuni kubwa ya PSA ilisimamisha kwa muda sehemu kubwa ya huduma zake Machi 2021, kwa wingi wa kadi zilizotumwa. Tukasubiri. Tukakaguliwa zile zilizostahili gharama tu, zilizobaki zikauzwa zilivyo.

Pesa zilipokuja tulitoa kwanza deni la marehemu, kisha tukagawa mafungu 72. Mama yetu 12, wifi 9, mvulana 34, msichana 17. Mama yetu alipokea fungu lake mbele ya watu, akalihesabu, kisha akampa mjukuu wake wa kike mkononi. "Kasome," alisema. Hilo pamoja na fungu lake mwenyewe likatosha ada ya mwaka wa kwanza wa chuo. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Fungu la pili, pindo jeupe, tulilipima kwa bei ya soko na likatoka dogo. Mvulana aliomba liingie kwenye haki yake, na warithi wakaridhia. Kwenye zile ndizo zenye mikunjo ya vidole vya baba yake.

Boksi lililofungwa

Lililotutoa jasho ni boksi la Evolutions. Baba yao alilinunua mvulana akiwa na miaka sita. Alilinunua pamoja na jingine walilolifungua wote wawili siku ile ile, na hili akaliweka, akasema watalifungua siku ambayo mtoto atajua kusoma kila kadi mwenyewe.

Mwaka 2020 na 2021, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa ajili ya korona, bei za kadi zilipanda kwa kasi. Mei 2021 duka kubwa la Target kule Marekani lilisimamisha kuuza kadi ndani ya maduka yake, baada ya watu kugombana. Boksi kama letu lilikuwa likitafutwa kwa bei iliyozidi mara kadhaa ile aliyolinunulia.

Mkubwa wetu alisema, "Liuzwe leo. Bei iliyopandishwa na watu waliofungiwa ndani itashuka wakitoka." Mdogo wetu alisema, "Likiuzwa halirudi, na baba yake hayupo wa kununua jingine." Wa kati akauliza lililokuwa gumu: likifunguliwa je? Maana boksi lililofungwa lina bei, na ukilichana nailoni unabaki na ulichokikuta, ambacho mara nyingi hakifiki bei ya boksi. Kufungua kunakaribia bahati nasibu. Kuuza likiwa limefungwa nako kuna swali lake, kwa kuwa mnunuzi hajui kilichomo ndani.

Tuliwauliza wenye elimu, na hawakutujibu neno moja. Yupo aliyesema kununua pakti kwa tamaa ya kadi moja adimu ni gharar iliyo wazi, na inakaribia kamari. Yupo aliyesema ikiwa mtu anapata kadi zenye thamani ya alicholipa na anazitumia, jambo ni jepesi zaidi. Wote walikubaliana kwenye kitu kimoja, kwamba nia ya mtu anaijua mwenyewe. Sisi si wa kutoa fatwa, kila mmoja amuulize mwalimu wake.

Mwishowe wifi, akiwa mlezi wa mtoto wake, aliamua. Boksi lilihesabiwa katika haki ya mvulana kwa bei ya chini kuliko iliyokuwa ikitajwa sokoni, ili asije akadhulumiwa na bei ya msimu. Kwa bei hiyo halikufika sehemu ya kumi ya fungu lake lote. Zilizobaki ni pesa taslimu, zimewekwa benki kwa jina lake. Kama boksi litapanda, alhamdulillahi. Kama litashuka, ada yake ya skuli haikuwa ndani yake. Kulifungua au kutolifungua ataamua mwenyewe akibaleghe.

Tunaliweka kwa adabu. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na kadi zenye mng'ao hujikunja haraka zikipata unyevu. Limo ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, tunavibadilisha kila baada ya miezi michache. Halikai sakafuni wala karibu na dirisha. Mende wanapenda gundi kuliko mtu anavyopenda halua.

Pesa za mchezo wetu

Habari za mauzo yale zilienea kwenye ukoo. Oktoba 2022 Wizards of the Coast walitangaza seti ya kutimiza miaka 30, iliyochapa upya kadi za mwanzo kabisa za mwaka 1993, pamoja na Black Lotus, ambayo ya asili iliwahi kuuzwa kwa zaidi ya dola 500,000 mwaka 2021. Bei ya hii mpya ilikuwa dola 999 kwa pakti nne za kadi 15. Mgongo wake ulikuwa tofauti, na haziruhusiwi kwenye mashindano.

Vijana wetu wa Muscat wakapiga simu. Walitaka ule mchezo wetu wa kila mwezi wa kupokezana pesa, wenye wanawake 12, uelekezwe huko kwa miezi miwili. "Shangazi, si nyie wenyewe mmeona kadi zinavyolipa?"

Tuliona, ndiyo maana tulikataa. Zilizolipa zilikuwa za pindo jeusi la 1993. Hizi zilikuwa chapa mpya ya zile. Tena, ile ahadi ya 1996 iliahidi kadi zilizoorodheshwa hazitachapwa tena kwa ajili ya mchezo, na hizi si za mchezo, kwa hiyo mlango wa uani ulikuwepo. Mwezi wa Novemba mwaka huo wachambuzi wa Bank of America walisema kampuni mama, Hasbro, inachapa kadi nyingi kupita kiasi, na hisa zake zikashuka siku hiyo kwa takriban asilimia 10. Kama watu wa benki wanaliona hilo kutoka kwenye meza zao, mama wa nyumba mwenye zamu ya mwezi wa saba anataka nini humo? Pesa ile ni ya kodi ya frem, ya kitanda cha harusi, ya hospitali. Kila mwanamke anajua mwezi wake na shughuli yake.

Vijana walisema tunaogopa mambo mapya. Haidhuru. Tuliwaambia wanunue kwa pesa zao, waanze na maswali haya, na nyinyi tunawaachia:

- Imechapwa ngapi, na nani anaweza kuchapa nyingine kesho? Ikiwa jibu la pili ni "kampuni wakitaka", basi thamani yake iko mikononi mwa kampuni.
- Ina kitu chake yenyewe, kama mng'ao au alama, au ni kivuli cha nyingine tu?
- Nani ataihitaji baada ya miaka 15? Kanga ya kisutu inachapwa kila siku tangu enzi za mabibi zetu, na haijakosa mnunuzi, kwa sababu kila bibi harusi lazima awe nayo. Kinachohitajika hakiogopi chapa ya pili. Kinachotegemea uhaba tu kinaiogopa.
- Gharama za kukagua, kutuma, kuhifadhi na kamisheni ya muuzaji umezitoa?
- Umeihesabu zaka? Kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi, kitu ulichonunua kwa nia ya biashara kinahesabiwa kwa bei ya soko kila mwaka, na kikifika nisabu hutolewa asilimia 2.5, hata kama hujauza. Mkusanyiko wa kujifurahisha hauko hivyo. Kwa hiyo anayeiita uwekezaji aiite hivyo pia siku ya zaka.
- Ikianguka mpaka sifuri, nani atalala na njaa? Ikiwa jibu si "hakuna", acha.

Kisa cha mji wenyewe

Jioni moja mvulana alimuuliza bibi yake Mji wa Shaba ni mji gani. Mama yetu, ambaye hataki kuziona zile kadi, alikijua kisa chote. Alimsimulia habari ya amiri Musa aliyesafiri jangwani na wenzake mpaka wakafika kwenye mji wenye kuta ndefu, wakaukuta umejaa dhahabu, hariri na lulu, na watu wake wote wamekufa. Mvua iliwakatikia miaka. Walitoa mali zao zote wapate chakula, wakazunguka nchi, wasipate wa kuwauzia. Wakafunga milango, wakakaa na mali yao mpaka mwisho.

Mvulana alitazama kadi mbili alizozishika, kwa kuwa moja ya pindo jeusi haikuuzwa, ilikuwa imechanika kona na haikuwa na bei. Akauliza, "Bibi, kwenye kisa kuna tofauti gani ya hii na hii?"

"Kisa kimoja," mama yetu alisema. "Nenda kanawe, Magharibi imeingia."

Siku hizi, Jumamosi baada ya madrasa, yeye na watoto wa jirani huzitandika zile za pindo jeupe barazani na kucheza. Zimeshapata madoa ya embe. Hatumkatazi, ni zake.

Na wewe dada, ukimkuta mwanao na kadi zake leo, kaa naye kidogo, muulize ipi anaipenda na kwa nini. Kisha andika mahali zilipo, zina nini, na ni za nani. Wanaobaki watakuombea dua.